Bei ya Vileo katika Meli za Kitalii: Kifurushi Hufanyaje Kazi, na Mafia Itanufaikaje

Mafia, Pwani

Idadi ya meli kubwa za kitalii zinazotembelea mwambao wa Tanzania imekuwa ikivuta macho ya wananchi wengi. Mwezi Januari 2024, meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga katika Bandari ya Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Kusini mwa mwambao, Kilwa Kisiwani, mji wa kale ulioingizwa pamoja na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, umekuwa ukipokea meli ndogo zaidi za aina hiyo. Kisiwa cha Mafia kipo katikati ya vituo hivyo, na wakazi wake wana kila sababu ya kujiuliza ni kitu gani kitabaki visiwani siku wageni wa namna hiyo watakapoteremka.

Sehemu ya jibu hupatikana mahali ambapo wengi hawapatazamii, nayo ni baa ya meli. Namna mtalii anavyolipia vinywaji vyake akiwa baharini huamua kwa kiasi kikubwa ni fedha ngapi atabaki nazo mfukoni akifika nchi kavu, atarudi melini saa ngapi, na atanunua nini. Makala haya yanafafanua jinsi bei hizo zinavyopangwa, kwa nini bia isiyotozwa kodi melini inaweza kuuzwa ghali kuliko ile iliyotozwa kodi dukani, sheria za nchi zinasemaje, na wananchi wa Mafia wajipange vipi.

Aina tatu za malipo

Katika meli za kitalii kuna njia kuu tatu za kulipia vinywaji. Ya kwanza ni kulipia kila kinywaji kwa bei yake. Abiria hatoi fedha taslimu. Huonyesha kadi ya chumba chake, na deni huandikwa katika hesabu inayolipwa mwisho wa safari. Katika meli kubwa zinazohudumia zaidi soko la Marekani, bia moja huuzwa kwa kawaida kati ya dola 7 na 9, na vinywaji vya kuchanganywa kati ya dola 13 na 15. Juu ya bei hiyo huongezwa ada ya huduma, ambayo katika kampuni nyingi ni asilimia 18 hadi 20.

Njia ya pili ni kifurushi cha vinywaji. Abiria hulipa kiasi kimoja kwa kila siku ya safari, kisha hunywa bila kuandikiwa deni kwa kila glasi. Vipo vifurushi vya soda pekee, vya kahawa, juisi na maji ya chupa, na vile kamili vinavyojumuisha bia, mvinyo na vinywaji vikali. Kifurushi kamili huanzia takriban dola 60 kwa siku na kinaweza kuvuka dola 100, kutegemea kampuni, meli na msimu, kabla ya ada ya huduma.

Njia ya tatu ni safari ya bei jumuishi, ambapo gharama ya vinywaji imekwisha kuingizwa katika nauli. Mtindo huu hutumiwa zaidi na kampuni za meli ndogo na za kifahari, kama vile Ponant ya Ufaransa na Silversea. Tofauti hii ina uzito kwa Mafia, kwa kuwa meli ndogo ndizo zinazoweza kusogea karibu na visiwa vyenye maji machache.

Hesabu ya kifurushi

Ili kuelewa kifurushi humfaa nani, mfano mmoja unatosha. Tuchukulie kifurushi cha dola 80 kwa siku, chenye ada ya huduma ya asilimia 18. Ada hiyo ni dola 14.40, hivyo abiria hulipa dola 94.40 kwa siku. Kwa safari ya siku 7 ni dola 660.80, na kwa wawili wanaolala chumba kimoja ni dola 1,321.60. Kwa kipimo cha shilingi 2,500 kwa dola moja, mtu mmoja hutoa shilingi 1,652,000 kwa vinywaji vya wiki moja.

Upande wa pili, bia ya dola 8 pamoja na ada ya huduma ni dola 9.44. Ili fedha ya kifurushi irudi, abiria huyo hana budi kunywa bia 10 kila siku, kwa siku zote 7. Akipenda vinywaji vya kuchanganywa vya dola 13, itambidi anywe 7 kwa siku. Anayekunywa bia 3 tu kwa siku angetumia dola 198.24 kwa wiki iwapo angelipia kila moja, hivyo kwa kununua kifurushi amepoteza dola 462.56.

Kampuni za meli zinaifahamu hesabu hii, na zimeweka masharti ya kuilinda. Baadhi huwataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi kwa pamoja, ili mmoja asinywe kwa niaba ya mwenzake. Nyingine huuza kifurushi kwa siku zote za safari, si kwa siku moja moja. Ziko zinazoweka ukomo: kampuni ya Carnival, kwa mfano, imekuwa ikiruhusu vileo 15 kwa abiria mmoja ndani ya saa 24. Kinywaji kinachozidi bei fulani hulipiwa pembeni.

Sharti la kulipia siku zote ndilo linaloigusa Mafia moja kwa moja. Abiria anayeteremka saa 2 asubuhi na kurejea melini saa 11 jioni amekwisha kulipia vinywaji vya siku hiyo, ingawa saa 9 kati ya hizo yuko nchi kavu. Kila chupa atakayonunua ufukweni ataiona kama gharama ya mara ya pili. Si ajabu basi kuwa wageni wengi wa meli huteremka na maji yao, na hurejea mapema kunywa kile walichokwisha kukilipia.

Kwa nini ni ghali ilhali havina kodi

Wananchi wengi hudhani kuwa kinywaji kisichotozwa ushuru lazima kiwe rahisi. Melini mambo si hivyo. Nauli ya meli ya kitalii mara nyingi hushushwa ili vyumba vijae, na faida hutafutwa baada ya abiria kupanda. Taarifa za fedha za kampuni kubwa za meli zinaonyesha kuwa karibu theluthi moja ya mapato yao hutokana na matumizi ya abiria wakiwa safarini: baa, michezo ya kubahatisha, ziara za nchi kavu, maduka na intaneti.

Aidha, abiria aliye katikati ya bahari hana duka jingine la kwenda. Kampuni nyingi humruhusu mtu mzima apande na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza ya safari, na akiinywa katika mgahawa hutozwa ada ya kufunguliwa. Vinywaji vikali anavyonunua bandarini huchukuliwa langoni, huhifadhiwa, na hurudishwa kwake siku ya mwisho. Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara wa Kilindoni au Utende asitarajie kuwauzia abiria wa meli chupa za kubeba.

Zipo pia nchi zinazotoza kodi vinywaji vinavyotolewa meli ikiwa bandarini. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kwa mfano, kodi ya mauzo huongezwa hadi meli itoke katika eneo la jimbo husika.

Sheria inasemaje

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini vileo vilivyomo ndani ya meli ya kigeni iliyotia nanga katika maji ya Tanzania havilipiwi ushuru. Jibu lipo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo huvitambua vyakula, vinywaji na mafuta ya matumizi ya meli inayosafiri kimataifa kuwa ni mahitaji ya meli. Kwa kuwa haviingizwi nchini kwa matumizi ya ndani, havitozwi ushuru maadamu vinabaki na kutumika melini. Utaratibu huu unafuatwa na mataifa mengi duniani, na ndio unaotumika pia kwa ndege.

Hata hivyo, msamaha huo una mipaka. Nahodha anawajibika kutoa taarifa ya mahitaji yaliyomo ndani ya chombo chake. Ofisa wa Forodha ana mamlaka ya kupanda melini, kukagua, na kufunga kwa lakiri bidhaa zilizohifadhiwa. Chupa ikiteremshwa kwa ajili ya kuuzwa, inakuwa bidhaa iliyoingizwa nchini na hutozwa kodi zote. Kuiteremsha kwa siri ni magendo, na anayeipokea ufukweni naye ametenda kosa.

Abiria anayeingia nchini anaruhusiwa kubeba, bila kulipa ushuru, vinywaji vikali visivyozidi lita 1 au mvinyo usiozidi lita 2 kwa matumizi yake mwenyewe, mradi awe ametimiza umri wa miaka 18.

Vileo vinavyouzwa madukani na hotelini Mafia vinafuata njia nyingine. Hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa vinywaji hukokotolewa kwa lita, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Vile vinavyotoka nje ya nchi hulipiwa pia ushuru wa forodha. Tangu tarehe 15 Januari 2019, chupa na makopo ya vileo yanatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Chupa ya pombe kali isiyo na stempu ni dalili ya kwanza kuwa imepita njia za panya, na mnunuzi ana haki ya kuikataa.

Kwa Mafia huongezeka gharama ya usafiri. Bidhaa nyingi hupakiwa Dar es Salaam, hufika Nyamisati wilayani Kibiti kwa barabara, kisha huvushwa hadi Kilindoni kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa vyombo vya watu binafsi. Kila hatua ina makuli wake, nauli yake na chupa zinazovunjika. Hii ndiyo sababu bei ya kisiwani hutofautiana na ya bara, wala si lazima iwe tamaa ya muuzaji.

Bei kwa shilingi

Jambo jingine ambalo wafanyabiashara wanapaswa kulizingatia ni sarafu. Melini bei hupangwa kwa dola au yuro. Nchi kavu, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga, kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache yaliyoainishwa. Orodha ya vinywaji ya hoteli, bei ya mashua ya kwenda Chole na bei ya mkeka vyote vinatakiwa kuandikwa kwa shilingi.

Mgeni anaweza kulipa kwa kadi au kubadilisha fedha benki na katika maduka yenye leseni. Kwa kuwa abiria wa meli hukaa kisiwani saa chache, ni busara kwa waongoza watalii kumjulisha mapema, kupitia wakala wa meli, kuwa atahitaji shilingi. Asiyejulishwa hupita mbele ya meza ya muuzaji na kuondoka bila kununua, si kwa kutopenda bali kwa kukosa cha kulipia.

Mafia na saa chache za mgeni

Wilaya ya Mafia ina wakazi zaidi ya 66,000 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Sifa yake kwa wageni haikujengwa na baa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi. Katika kisiwa cha Juani yapo magofu ya Kua na fukwe ambako kasa hutaga na kuangua.

Gati la Kilindoni huhudumia vivuko, majahazi na meli ndogo. Meli kubwa ya kitalii italazimika kutia nanga mbali na kuwashusha abiria kwa boti. Hilo linamaanisha idadi ndogo ya watu kwa wakati mmoja, na saa chache zaidi. Ada ya kuingia Hifadhi ya Bahari kwa mgeni mtu mzima kutoka nje imekuwa dola 20 kwa siku kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, sawa na dola 23.60 pamoja na kodi hiyo. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, fedha anayolipa abiria mmoja kwa vinywaji vya siku moja inatosha kuwaingiza hifadhini watu wanne. Mgeni huyo anao uwezo wa kulipa. Kinachotakiwa ni kumpa kitu ambacho meli haina.

Kushindana na baa ya meli kwa bia ni kushindana na mtu aliyekwisha kulipwa. Ila hakuna kifurushi kinachojumuisha dafu lililoangushwa mnazini muda huo huo, na Mafia ni kisiwa cha minazi. Dafu baridi, kahawa ya tangawizi, samaki wa kuchoma na pweza wa nazi ni vitu ambavyo mgeni huvitafuta palepale na kuvimaliza palepale, kwa kuwa meli nyingi haziruhusu vyakula vibichi kupandishwa kutoka nchi kavu. Mikeka, vikapu na kofia za ukili hubebeka, havioti kutu wala havizuiwi langoni.

Vilevile, Amri iliyotangazwa Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara imeitaja kazi ya kuongoza watalii ndani ya nchi. Nafasi hiyo imeachwa kwa raia, na vijana wa Mafia wanapaswa kuijaza kwa leseni, lugha na ujuzi wa bahari yao.

Fursa nyingine ipo upande wa kuziuzia meli zenyewe. Meli inayoondoka nchini inaweza kununua mahitaji yake hapa kwa kufuata taratibu za forodha, na bidhaa hizo huhesabiwa kama zinazotoka nje ya nchi. Mvinyo wa zabibu za Dodoma, kahawa ya Kilimanjaro na nazi za Mafia vyote vinaweza kupata nafasi katika baa hizo, iwapo ubora, vipimo na uhakika wa upatikanaji vitazingatiwa.

Usalama, bahari na heshima ya mahali

Kinywaji kisicho na kikomo kina madhara yake. Mtu aliyelewa hapaswi kuingia majini, awe anazamia kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole au anaogelea karibu na papa potwe. Nahodha wa mashua na mwongoza watalii wana wajibu wa kumkataa mgeni wa aina hiyo, hata kama amelipa. Kumrudishia fedha ni nafuu kuliko kumtafuta baharini.

Kuhusu taka, Kiambatisho cha Tano cha Mkataba wa Kimataifa wa Kuzuia Uchafuzi wa Bahari kutoka Melini kinakataza plastiki kutupwa mahali popote baharini, na chupa za vioo na makopo nayo hayaruhusiwi kutupwa. Wavuvi wanaokuta chupa nyingi zikielea baada ya meli kupita wanahimizwa kutoa taarifa kwa uongozi wa Hifadhi ya Bahari, au kwa Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), wakitaja siku, saa na mahali.

Wakazi wengi wa Mafia ni Waislamu, na vijijini pombe haina nafasi ya wazi. Mgeni anayeambiwa hili mapema, kwa upole, huliheshimu: asitembee na kopo la bia kijijini, avae mavazi ya staha anapotoka ufukweni, na awe mwangalifu zaidi mwezi wa Ramadhani. Pamoja na hayo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo au kumruhusu kuingia baa. Kumtuma mtoto kuwapelekea wageni bia mezani hakukubaliki kwa kisingizio cha msimu wa utalii.

Kwa vijana wanaotafuta kazi melini

Ada ya huduma ya asilimia 18 hadi 20 ni sehemu ya kipato cha wahudumu wa baa na migahawa ya meli, na vijana wa mwambao wamekuwa wakizitafuta kazi hizo. Mafunzo ya msingi ya usalama baharini hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia ajira. Yeyote anayedai fedha ili kumpatia kijana nafasi melini anapaswa kutiliwa shaka, na ni vyema TASAC iulizwe kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Wananchi wenye maswali kuhusu kodi za vinywaji, stempu za kielektroniki au bidhaa zinazoteremshwa kutoka melini wanashauriwa kufika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliyo karibu nao. Wanaotaka kufanya biashara ndani ya eneo la hifadhi waanzie ofisi za Hifadhi ya Bahari zilizopo Utende, ambako wataelekezwa kuhusu vibali, ada na maeneo yanayoruhusiwa, kabla msimu wa papa potwe haujaanza.